Hesabu ya Siku: Ukaazi wa Kanada na Haki ya Mzazi Tanga

Kila tunapopiga simu nyumbani Tanga, baada ya salamu na habari za wagonjwa, hufuata swali ambalo tumelizoea kama tulivyozoea theluji: "Makaratasi mmeshapata?" Kwa jamaa zetu makaratasi ni kitu kimoja, mtu ama anayo, ama hana. Sisi tunaoishi Edmonton, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, tangu Januari 2016, tumejifunza kwamba chini ya neno hilo kuna mambo mawili yaliyo mbalimbali. Upo ukaazi wa kudumu, ambao mtu hupewa kisha akabaki na kazi ya kuutunza. Na upo uraia, ambao mtu huuomba kwa hiari yake, na ambao kwa Mtanzania hauji bila kuondoka na kitu kingine.

Tunaandika wawili, mume na mke. Tunayoyasimulia yametupata sisi, na familia nyingine za Kiislamu zilizo ughaibuni, au zinazojiandaa kwenda huko, huenda zikayakuta mbele ya safari. Hatuandiki kama wanasheria. Mwenye shauri zito amwendee mwanasheria mwenye leseni.

Tuanze na ukaazi, kwa sababu hilo neno "wa kudumu" limewaponza wengi. Sheria ya Kanada inamtaka mkaazi wa kudumu awemo nchini humo angalau siku 730 katika kila kipindi cha miaka 5. Si lazima siku hizo zifuatane. Ofisa anapomhoji mtu hurudi nyuma miaka 5 kamili kuanzia siku ile ya mahojiano, akahesabu. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote mbili huhesabiwa kuwa mtu alikuwemo nchini. Kwa hesabu nyepesi, mkaazi anaweza kukaa nje ya Kanada kiasi cha siku 1,095 katika miaka hiyo 5. Akizidisha, yumo hatarini.

Kadi ya ukaazi nayo ni jambo la peke yake. Hudumu miaka 5, na kuiomba upya hulipiwa dola 50. Kadi kuisha muda si kupoteza ukaazi, wala kadi kuwa hai si dhamana kwamba siku zako zimetimia. Ukaazi hautoweki wenyewe usiku mmoja. Huondoka kwa uamuzi rasmi wa ofisa, au kwa mwenyewe kuukana, au kwa kupata uraia. Lakini aliye nje ya nchi na kadi yake imekwisha hapandi ndege mpaka aombe hati maalumu ya safari, na hapo ndipo hesabu ya siku zake hufunuliwa. Akikataliwa ana siku 60 za kukata rufaa, na anaweza kueleza sababu za kibinadamu, mojawapo ikiwa ni kumuuguza mzazi. Sababu hizo husikilizwa. Haziahidiwi.

Uraia una hesabu yake, ngumu zaidi. Mwombaji sharti awe amekaa Kanada siku 1,095 katika miaka 5 iliyotangulia ombi lake. Awe ametoa taarifa za kodi kwa miaka 3 katika hiyo 5, ikiwa sheria ya kodi ilimtaka kufanya hivyo. Na akiwa na umri wa kati ya miaka 18 na 54, aonyeshe kuwa anaweza kuzungumza Kiingereza au Kifaransa cha kawaida na ajibu mtihani wa maswali 20, apate 15. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2017 mambo yalikuwa mazito kuliko hivi: miaka 4 katika 6, na mtihani uliwahusu watu wa kuanzia miaka 14 hadi 64. Wazee wengi msikitini kwetu walipumua siku ile.

Tumetaja msikiti, basi tuseme kidogo. Edmonton ndiko ulikojengwa msikiti wa kwanza wa Kanada, Al Rashid, uliofunguliwa mwaka 1938, na wanawake wa jamii ile, wengi wao wenye asili ya Lebanoni, walikuwa mstari wa mbele kuomba michango kwa wafanyabiashara wa mji, Waislamu na wasio Waislamu. Jengo lile dogo la zamani sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya mji. Tunapowapeleka watoto kuliona, huwa tunawaza kwamba watu wale nao walihesabu siku, na waliacha wazazi nyuma, wakati barua ilipochukua miezi.

Katika baraza za msikitini ndimo tulimoonja kwanza uzito wa jambo la pili. Ndugu zetu wa Kenya wanapozungumzia uraia huzungumza kwa furaha. Katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya kuwa na uraia wa nchi mbili, na kila mmoja hutoka na pasipoti mbili mkobani. Waganda hali kadhalika. Watanzania husikiliza, wakakoroga chai. Kwetu, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hukoma kuwa Mtanzania, na mtoto aliyekusanya mwili mmoja uraia wa nchi mbili hutakiwa kuukana mmoja atakapotimiza miaka 18. Ndivyo Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inavyosema.

Mwaka 2019 sote wawili tulikuwa tumetimiza siku za kuomba uraia. Tungeweza kujaza fomu mbili jioni moja tukalala. Badala yake tulikaa miezi mitatu tukiulizana, na swali lililotuamulia halikutoka katika kitabu chochote cha uhamiaji. Lilikuwa hili: nani kati yetu bado ana mzazi?

Mke alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili. Baba yake alifariki mwaka 2018. Mume alikuwa na mama, mjane, mgonjwa wa sukari, katika nyumba ya familia Ngamiani. Ilijulikana kwamba siku itafika mama huyo atahitaji mtu, na mume ndiye mtoto wa kiume mkubwa. Tukakubaliana: mwenye mzazi hai abaki na pasipoti ya Tanzania, asije akaomba ruhusa ya kwenda kumwogesha mama yake. Aliyefiwa na wazazi ndiye aombe uraia.

Uamuzi huo ulikuwa na upande mwingine ambao wengi hawaujui. Sheria ya Kanada inasema kwamba siku ambazo mkaazi wa kudumu amekaa nje akiwa ameandamana na mwenzi wake wa ndoa aliye raia wa Kanada zinahesabiwa kama siku alizokaa Kanada. Kwa hiyo uraia wa mke ungekuwa pia kinga ya ukaazi wa mume, endapo familia nzima italazimika kuhamia Tanga kwa muda. Tuonye hapa hapa: jambo hili lina mabishano. Wapo maofisa wanaouliza ni nani aliyemfuata mwenziwe, na mashauri ya aina hiyo yamefika mahakamani. Sisi tulilichukua kama akiba, si kama msingi wa nyumba.

Kabla ya fomu kupelekwa, ilibidi mke amalize jambo la mirathi. Baba yake aliacha shamba la michungwa na minazi Muheza, na fungu lake la binti lilikuwa limekwisha kukadiriwa na shehe mbele ya ndugu zake. Sasa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi Tanzania Bara isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Fungu lake kwa mujibu wa dini ni haki isiyoguswa na pasipoti. Umiliki wake serikalini ni habari nyingine. Ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alishauri liandikwe kwa jina la kaka na liendelee kuwa la mke "kwa siri yetu". Hatukukubali. Siri za ardhi huanza kwa kuaminiana na huishia barazani kwa kadhi, tena wakati walioaminiana wamekwisha kufa na watoto hawajui lolote. Walitafutwa watu wawili waaminifu wakathamini fungu lile, kaka akalinunua kwa awamu, na maandishi yakatiwa saini mbele ya mashahidi. Mke alilia siku ile kuliko siku ya kiapo. Michungwa ile aliipanda baba yake akiwa yeye ana miaka 6.

Mwaka 2025 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na za ardhi yenye kuweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Ni hatua, na tunaishukuru. Lakini hadhi si uraia. Haimrudishii mtu kura wala pasipoti.

Ombi la mke lilikwenda Novemba 2019, pamoja na la binti yetu wa kwanza aliyezaliwa Tanga. Ada ilikuwa dola 630 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto. Wadogo wawili walizaliwa Edmonton, kwa hiyo ni raia wa huko kwa kuzaliwa. Katika kujaza ombi lile tulifungua pasipoti zetu tukaandika kila safari, tarehe kwa tarehe, hata ile ya siku mbili kuvuka mpaka kwenda harusini Marekani. Walikuwepo wa kutushauri vingine. Katika miji yenye wahamiaji hawakosi mawakala ambao, kwa malipo, humtafutia mtu anuani ya kuonyesha kwamba yumo nchini hali yuko Dubai anafanya biashara. Mwaka 2015 wakala mmoja wa British Columbia alifungwa miaka 7 kwa biashara ya namna hiyo, ikiwemo kugonga mihuri ya uongo katika pasipoti za wateja, na mamia ya wateja wake wakaingizwa katika uchunguzi. Tuseme wazi kwamba hata kusingekuwa na jela, fomu ile hutiwa saini kuwa yaliyomo ni kweli, na saini ya Mwislamu ni ushahidi.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona, kila kitu kikasimama. Mtihani mke aliufanyia mezani kwetu, mbele ya kamera ya kompyuta, watoto wakiwa wamefungiwa chumbani na biskuti. Alikuwa amekisoma kitabu cha serikali usiku baada ya isha kwa miezi, kuhusu wenyeji wa asili wa nchi ile, reli, na mabaraza ya Bunge. Mume alimsikiliza akirudia majina ya mawaziri wakuu mpaka akayajua na yeye, bila faida yoyote.

Kiapo kilileta mjadala mkubwa zaidi kuliko mtihani. Je, inajuzu Mwislamu kuapa utii kwa Malkia? Shangazi mmoja alituma ujumbe wa sauti wa dakika nane juu ya jambo hilo. Tulimwendea imamu wetu, naye akatuuliza kwanza kama kiapo kinamtaka mtu kufanya haramu yoyote. Tukakisoma naye neno kwa neno, hatukuona. Akasema ahadi ya kutii sheria za watu unaoishi nao kwa amani ni ahadi, na ahadi hutimizwa. Tulikuta pia kwamba jambo hili limewasumbua hata wasio Waislamu. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Ontario iliamua shauri la wakaazi waliopinga kumtaja Malkia, ikaeleza kuwa jina lake katika kiapo ni alama ya mfumo wa utawala wa kikatiba, si utii kwa mtu binafsi. Anayeapa anaweza kushika kitabu chake kitakatifu, au akathibitisha tu bila kuapa kwa kitabu.

Na wasomaji wa kike wajue kwamba njia hii ilisafishwa na mwanamke. Serikali ya wakati ule ilitoa amri mwaka 2011 kuwa mwenye nikabu aifunue wakati wa kuapa. Zunera Ishaq, mhamiaji kutoka Pakistani, alikuwa tayari kuonyesha uso wake faraghani kwa ofisa ili atambuliwe, lakini si hadharani. Akaenda mahakamani, akashinda Februari 2015, akashinda tena katika rufaa Septemba, na tarehe 9 Oktoba mwaka huo akala kiapo akiwa na nikabu yake. Tupende au tusipende rai yake juu ya nikabu, subira yake ni ya kuheshimiwa. Aliahirisha uraia wake kwa hiari kuliko kuuchukua kwa sharti lile.

Mke aliapa Septemba 2021, sebuleni, kwa njia ya video, msahafu mkononi. Binti yetu alikuwa na miaka 12, hakulazimika kuapa, kwa kuwa sharti hilo huanza miaka 14, ila alisimama. Ofisa akawataka wote waliokuwa kwenye skrini wachukue mikasi wakate kadi zao za ukaazi mbele ya kamera. Tulikuwa tumeilinda kadi ile kama yai kwa miaka mitano. Mkasi wa jikoni ulikuwa butu, ikambidi aikate mara tatu.

Mama alipata kiharusi mwanzoni mwa mwaka 2022. Mume aliondoka Edmonton tarehe 6 Machi.

Alidhani atakaa miezi. Upande wa kulia wa Mama ulipooza na maneno yakawa machache. Kulikuwa na dada wawili Tanga, wenye ndoa na wajukuu, waliokuwa wamembeba Mama kwa miaka bila sisi. Sasa ilikuwa zamu. Mume alimgeuza, alimlisha, alimshika kwenda msalani mpaka aibu ikaisha baina yao. Ukutani alitundika kalenda, na kila siku alichora mstari kwa penseli.

Dada mkubwa aliitazama kalenda ile wiki nyingi asiseme neno. Siku moja akasema: "Kaka, hii kalenda inamhesabia Mama, au inakuhesabia wewe?"

Hili ndilo lililotufanya tukae kuandika. Hakuna kitabu cha uhamiaji kinachoeleza namna mtu anavyoishi na hesabu mbili kwa pamoja. Kila siku Mama aliyoongezewa ilikuwa neema tuliyoiomba katika kila sijda, na siku hiyo hiyo ilikuwa imepungua kwenye zile 1,095. Mtu anayeogopa kumaliza siku zake kando ya mgonjwa, hata akiwa na moyo safi, anaonekana kama anayesubiri jambo liishe. Mume alimweleza dada yake yote: sheria, namba, watoto watatu wenye shule, na kwa nini mkewe ndiye aliyeapa. Dada alisikiliza. Tangu hapo, kila Ijumaa akija na chakula, alikuwa akiuliza kwa sauti ndogo, "Zimebaki ngapi?" na mume akimjibu.

Agosti 2023 mke alichukua likizo bila malipo, akaja Tanga na watoto kukaa mwaka. Viza ya matembezi ni ya siku 90. Kukaa zaidi alihitaji hati ya mtegemezi chini ya mumewe. Mzaliwa wa Muheza, binti wa mkulima wa michungwa, alipanga foleni na wageni kuomba kuwa mtegemezi katika mkoa aliozaliwa. Mama alipoelezwa, alitafuta maneno kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mkwe wangu mgeni?" akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mke akambusu mkono. Alibaki mpaka Julai 2024, na siku zile zote tuliziandika mahali pake, ile akiba tuliyoitaja.

Januari 2025 hesabu ya mume peke yake, bila ile akiba, ilikuwa imebakiza siku zisizofika 70. Dada hakuuliza tena Ijumaa. Mume alimwambia mwenyewe kuwa haondoki. Zikiisha, tutaegemea siku alizokaa na mkewe, na ofisa akizikataa tutakwenda kwenye rufaa na barua za hospitali. Sisi wawili tulikuwa tumeyamaliza hayo kwa simu usiku mmoja, kwa maneno machache mno kwa jambo kubwa kama lile.

Mama alifariki katika Shaaban ya 1446, Februari ile ile. Mume ndiye aliyeshuka kaburini.

Alirudi Edmonton tarehe 20 Februari. Ofisa wa mpakani alimuuliza alikuwa wapi muda wote huo, akapokea bahasha: mihuri, barua za hospitali, cheti cha kifo. Alizisoma zote. Siku 746 katika miaka 5, bila kuhesabu akiba. Akamrudishia bahasha, akampa pole.

Sasa mume anahesabu upya, safari hii akiwa ndani ya nchi, na bado hajaomba uraia. Nyumba ya Ngamiani haijagawanywa; dada wakubwa wanaishi humo na hatuna haraka. Tunalojadili mezani ni la binti yetu. Atatimiza miaka 18 mwaka 2027, na sheria ya Tanzania itamtaka achague. Tumemwekea pasipoti zote mbili katika droo moja na tumemwambia atuulize lolote. Hadi sasa ameuliza moja tu: akichagua ya Kanada, na sisi tukizeeka Tanga, atapewa siku ngapi?